Tulikwangua lebo 600 kwa sababu ya alama moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wachapaji wa lebo na mabango, na walimu wetu wa Kiingereza.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 12 tunaobangua na kukaanga korosho hapa Mtanda, Lindi. Mwaka jana tulichangishana tukachapisha lebo 600. Zilipokuja zilipendeza kweli: rangi ya kijani, picha ya bibo, na maandishi makubwa LINDI CASHEW NUT'S.

Pakiti ya kwanza niliyobandika alinunua jirani yetu, mwalimu mstaafu. Akavaa miwani, akaniuliza, "Mwanangu, nini cha korosho?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba hiyo ritifaa, ile alama ndogo ya juu kabla ya s, pamoja na s yake ni sawa na "la" au "cha" ya kwetu. "The nut's shell" ni ganda la korosho. Ukiandika "nut's" ukaishia hapo, msomaji anabaki anangoja hicho kitu chenyewe. Korosho nyingi ni "nuts", basi, hazina alama.

Usiku ule tulikaa mkekani, taa ya chaji katikati, kila mmoja na wembe wake, tukikwangua alama moja moja. Karatasi yenyewe nyepesi. Wembe ukizama kidogo tu unaondoka na S. Tuliharibu zaidi ya lebo 80, na ni pesa zetu za mfukoni.

Kilichoniuma zaidi ni muhuri. Wetu umeandikwa WOMENS GROUP bila alama, na hapo ndipo ilipotakiwa. "Women" tayari ni wanawake wengi, kama "children" walivyo watoto wengi, kwa hiyo inakuwa "Women's". Wingi ukiwa umeshaishia na s, alama inakaa nyuma yake: "the farmer's money" ni pesa za mkulima mmoja, "the farmers' money" ni za wakulima. Sisi tunaopeleka korosho ghalani kupitia chama cha msingi tunajua tofauti hiyo si ndogo. Kwa Kiswahili sikio linaikamata palepale, mkulima, wakulima. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanatamkwa sawasawa; kinachoyatenganisha ni hiyo alama kwenye karatasi.

Shuleni ritifaa tulifundishwa kwenye Kiswahili: ng'ombe, ng'ambo, na Ng'apa yetu ya hapa Lindi. Ukiisahau, mwalimu anakurudisha. Kwenye Kiingereza tulikariri "city, cities", "key, keys", "knife, knives", tukasonga mbele. Ritifaa tukaichukulia kuwa pambo la kila penye s, na wengi wetu tumezeeka nayo hivyo hivyo.

Walimu, nawaomba mlete darasani mifuko na lebo za mtaani, watoto wazisome na waseme kipi ni cha nani. Nanyi wachapaji, mpeni mteja nakala moja aende nayo nyumbani kabla hamjatoa mamia.

Sasa tunaandaa lebo za maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya Ngongo. Nimeyaandika maneno kwa mkono wangu kwenye daftari, na safari hii nitakaa pembeni ya kompyuta mpaka ya mwisho itoke.

Katibu wa kikundi cha akina mama,
Mtanda, Lindi