Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: Homa ya ini C na sisi tusiohesabiwa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Wete, na haja yangu imeanzia kwenye kikaratasi.

Mdogo wangu alikwenda kumtolea damu shemeji yetu aliyekuwa akisubiri kupasuliwa. Akaambiwa damu yake haifai. Alipouliza ina nini, akapewa kikaratasi kidogo kama tiketi ya daladala, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: HCV (ndicho kirusi cha homa ya ini C), na alama ya kujumlisha. Basi. Hospitali siitaji, na aliyeandika simlaumu sana. Lakini ndugu yangu alirudi nyumbani akiamini ana ukimwi, na kwa wiki mbili alikuwa akila kwenye sahani yake peke yake, akiiosha mwenyewe. Mkewe alidhani amemkasirikia.

Hakuna aliyemwambia kwamba kipimo kile huonyesha tu kuwa mwili umewahi kukutana na kirusi. Takriban watu watatu kati ya kumi hukishinda wenyewe, bila dawa. Kujua kama kirusi bado kimo kunataka kipimo cha pili, na kikiwa kimo, vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya asilimia 95. Chanjo ya C haipo. Ile wanayopewa watoto wetu ni ya B. Asiyepimwa anaweza kukaa nacho miaka ishirini hajui, mpaka tumbo lijae maji.

Sasa Mheshimiwa, tuko wangapi? Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 50 wanaishi na homa ya ini C mwaka 2022. Mwaka huohuo sensa ilituhesabu Wazanzibari 1,889,773. Katika hao, wenye kirusi ni wangapi? Kutazama damu ya wachangiaji hakutoshi, maana mchangiaji huchujwa mlangoni, wanaotiliwa shaka hurudishwa. Kuwatazama vijana wanaojidunga dawa za kulevya nako kunapotosha upande wa pili, kwani kwao kirusi kimeenea kuliko kwa watu wengine. Mzee wa Micheweni anayepigwa chuku kila baada ya miezi, au kijana anayenyolewa kwa wembe uliokwisha kumnyoa mwenziwe, hayumo katika hesabu zote mbili.

Nimefundisha muda mrefu, nakumbuka watoto wakipangwa foleni na kupimwa urefu kwa mti wenye alama, ili wajulikane wameze vidonge vingapi vya kichocho. Misri nao walikuwa na kichocho, ila kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali yao ilikitibu kwa sindano za mshipani, na sindano moja ikipita kwa wengi bila kuchemshwa sawasawa. Nia ilikuwa njema. Kirusi cha homa ya ini C, kilichoenea kwa sindano hizo, hakikutambuliwa mpaka 1989, na walipokuja kupima majumbani mwaka 2008 wakakuta karibu mtu mmoja katika saba wa miaka 15 hadi 59 ana alama zake kwenye damu. Hawakuificha hesabu hiyo. Kuanzia 2018 wakapima mamilioni kwa mamilioni, wakawapa dawa bure waliokutwa nacho, na 2023 Shirika la Afya Duniani likawatambua kuwa wamo njiani kuutokomeza ugonjwa huo. Sisemi sisi tuna balaa la Misri. Huenda tuko wachache sana, na hilo litakuwa jambo la kufurahia. Nataka tujue kwa kupima.

Utafiti wa ukimwi wa 2022-2023 uliingia majumbani hadi huku kwetu, watu wakatoa damu. Ukija mwingine, naomba damu hiyohiyo ipimwe na homa ya ini C, na matokeo yatangazwe wilaya kwa wilaya, Pemba isifichwe ndani ya wastani wa Zanzibar nzima. Na atakayeambiwa anayo aelezwe kwa mdomo, akae kitini, siyo kwa kikaratasi. Kipimo cha pili apate karibu: zile mashine zinazopima makohozi ya kifua kikuu zinaweza kukifanya, zikipewa vifaa vyake.

Ndugu yangu alielekezwa akakitafute kipimo hicho cha pili ng'ambo ya bahari. Alipanda boti Mkoani Jumatatu, kikaratasi kimo mfukoni. Mpaka naandika hajapiga simu.

Wako katika kujenga nchi,
Mwalimu mstaafu, Wete