Ukuta wa kale usizibwe kwa saruji

Mhariri,

Picha za magofu ya jumba la Kirumi pale Capo di Sorrento, kwenye rasi inayoifunga Ghuba ya Napoli upande wa kusini, huwafanya watu waamini kwamba saruji hudumu miaka elfu mbili. Kisha mafundi wetu Iringa na Mbeya wanapewa mifuko ya saruji wakazibe kuta za mawe za enzi za Mjerumani. Huko ni kuziua.

Saruji hii ya mifuko ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Warumi walichanganya chokaa na jivu la volkano, lililo maarufu likiwa la Pozzuoli, kwenye ghuba hiyohiyo. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliacha kipimo chake: kwa kazi za baharini, jivu sehemu mbili, chokaa moja. Mchanganyiko huo huganda hata chini ya maji. Milima ya Rungwe nayo imetuachia jivu na mawe mepesi ya volkano, ila si kila jivu linafaa: lisagwe, lifinyangwe na chokaa, kisha donge lizamishwe majini kwanza lionekane kama linashika.

Ukuta uliojengwa kwa chokaa au udongo hupumua. Ukiziba viungo kwa saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa njia, hutokea kwenye jiwe lenyewe na kuliachia chumvi. Chumvi ikikauka hupanuka, na uso wa jiwe humenyeka. Kiungo kinabaki kigumu, jiwe limeliwa!

Toeni saruji hiyo kwa tindo na nyundo. Grenda hukata kingo za mawe. Chimbeni kiungo kina cha sentimita mbili na nusu hivi, kifagieni, kilowesheni maji. Chokaa iliyochomwa hutiwa majini, kamwe maji yasimwagwe juu yake, maana huchemka na kurukia macho. Iachwe shimoni miezi mitatu. Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga mkali tatu. Kazi ikiisha, funikeni kwa magunia mabichi wiki nzima, maana upepo mkavu wa Iringa huifanya chokaa kuwa unga kabla haijashika. Juni na Julai, kwenye maeneo ya sakitu kama Makete, msijenge kwa chokaa kabisa.

Wanaoandaa zabuni za ukarabati waandike chokaa kwenye makadirio, pamoja na hiyo miezi mitatu ya kuisubiri.

Waashi wa mawe,
Iringa