Aleksanda huyu si wa zama za Aleksanda

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Picha zako za ile sarafu ya kale unayotaka kuinunua nimezipokea, na kwa kuwa umeniambia kwamba malipo yaliyobaki bado hujayatoa, nimeona heri nikuandikie kwa urefu kuliko kukupigia simu ya haraka.

Muuzaji anadai kwamba hii ni tetradrakma, yaani sarafu ya drakma nne, ya fedha ya Aleksanda Mkuu, iliyopigwa chapa katika uhai wake. Kuhusu jina hakukosea: upande mmoja yupo shujaa Herakles aliyejifunika ngozi ya simba kichwani, upande wa pili Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, ameketi, tai mkononi, na nyuma yake limeandikwa jina la Aleksanda kwa herufi za Kigiriki. Hilo la uhai wake ndilo nisilolikubali. Aleksanda alifariki Babylon mwaka 323 KK, lakini wafalme waliomfuata na miji mingi iliyojitegemea waliendelea kutoa fedha ya sura ile ile kwa zaidi ya miaka 200, kwa sababu wafanyabiashara na askari wa kukodiwa walikwisha kuizoea. Wewe uliyeziona riale za Maria Theresa katika kasha la bibi yako hutashangaa: mtawala yule alifariki 1780, na riale yenye mwaka huo ikaendelea kupigwa Vienna, Roma, London na hata Bombay mpaka karne ya 20, na anayetaka kujua imetoka kiwanda gani hutazama lulu za bruchi ya begani na manyoya ya mkia wa tai.

Basi fanya vivyo hivyo kwa Aleksanda wako. Mbele ya magoti ya Zeus, katika ile nafasi tupu, pana kofia ya vita ya Kikorintho. Hiyo ndiyo alama ya Mesembria, mji wa Wagiriki kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, ambao leo ni Nesebar nchini Bulgaria. Rhodes waliweka waridi, Chios wakaweka sphinx, kiumbe mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, Miletos simba anayegeuza kichwa kuitazama nyota. Kila mji ulitia nembo yake huku ukimwachia Aleksanda jina. Tazama pia umbo lenyewe: sarafu yako ni pana na nyembamba, ilhali zile za uhai wake ni nene na ndogo kwa upana. Uzito ulionitajia, gramu 16.5, unaelekea huko huko, kwani kipimo cha uzito cha Attika, nchi ya Athens, kilichotumika zamani kilikaribia gramu 17.2. Mimi ningeiweka katika karne ya pili KK au mwanzoni mwa ya kwanza.

Najua muuzaji atakujibu kwamba miguu ya Zeus haikupishana, na kwamba hiyo ni dalili ya sarafu ya uhai. Wauzaji wanaipenda mno kanuni hii kwa kuwa ni nyepesi. Amphipolis, kule Makedonia, waliendelea kuchora miguu sambamba hata baada ya 323 KK, kwa hiyo miguu peke yake haithibitishi kitu.

Kilichowezesha sarafu hizi kupangwa ni kazi ya subira ya kulinganisha mihuri, yaani vyuma vilivyochongwa picha za kupigia sarafu. Muhuri wa kichwa ulikaa chini, umekazwa kwenye fuawe, na ule wa nyuma ulishikwa juu na kupigwa nyundo, hivyo wa juu ulichakaa mapema na kubadilishwa. Ukikuta migongo miwili yenye alama tofauti iliyopigwa pamoja na kichwa kimoja, umepata ushahidi kwamba alama hizo mbili zilitumika karakana moja. Kwa njia hiyo Mmarekani Edward Newell aliipanga hazina kubwa iliyofukuliwa Demanhur, Misri, mwaka 1905, akaichapisha 1923. Na orodha ya sarafu hizi ya Martin Price ya 1991 ndiyo ambayo wakusanyaji wote wananukuu namba zake hadi leo. Mwambie muuzaji akutajie namba ya Price. Akishindwa, au akitaja namba ya kiwanda kingine, utakuwa umemjua.

Halafu kuna ukingo, ambao haukupigwa picha hata moja. Sarafu iliyomiminwa katika kalibu mara nyingi huacha mstari mwembamba unaozunguka ukingo, na chini ya lenzi ya sonara utaona vitundu vya mapovu usoni mwa fedha. Kukosekana kwa hayo hakutoshi, maana Carl Becker wa Ujerumani, karne mbili zilizopita, alighushi kwa mihuri aliyoichonga mwenyewe, akazigonga kama Wagiriki walivyogonga. Na ukiinunua, tafadhali usiisugue kwa dawa ya kung'arisha.

La mwisho ni hati. Makaburi na magofu ya Bulgaria yamechimbwa sana na wezi, na sarafu ya Mesembria isiyo na historia yoyote inanitia shaka kuliko ile miguu ya Zeus. Dai karatasi ya mnada wa zamani, hasa ya kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali ya kale. Bei anayotaka ni ya sarafu ya uhai wa Aleksanda. Hii, hata ikiwa halali kabisa, haistahili bei hiyo.

Nitumie picha za ukingo kabla hujalipa. Nisalimie wazee wote.

Wako daima,
Rafikiyo