Kip, hizo seti usilipe kwanza

Kondele, Kisumu

Kip ndugu yangu,

Salamu. Huku sote wazima, mama anakusalimu, joto ndilo halitupi pumzi. Ningepiga simu, lakini juzi ilikatika pale tu uliposema "pesa za chama", na tangu hapo hushiki. Basi naandika, na utasoma mpaka mwisho, hata kama tayari umekunja uso.

Hizo seti za sarafu za mzee wa Njoro, unazotaka kuzinunua kwa pesa za chama ili uziuze tena kwa faida. Najua zinang'aa, ziko kwenye plastiki zake za kiwandani na hazijawahi kupita mkononi mwa konda. Ndicho kinachowavuta watu. Lakini fikiria kidogo. Seti inayotengenezwa ili iuzwe kwa watu wa kuweka, itawekwa na kila aliyeinunua. Nani aliipasua akanunulie sukari? Karibu zote bado ziko! Hizo za Marekani za 1987 zilitoka zaidi ya milioni 2. Mzee atakwambia nusu dola ya mwaka ule haikuingia mitaani, ilipatikana ndani ya seti tu. Ni kweli kabisa. Ila nusu dola zilizolala kabatini kwa mamilioni haziwi adimu kwa kulala, na huko kwao seti nzima ni dola chache tu.

Wafula, anayekuunganisha na mzee, naye na wimbo wake, "miaka ikipita itapanda." Miaka peke yake haipandishi kitu. Bei hupanda zikiwa chache na wanaozitaka wakiwa wengi. Ukiona hapo seti ya Kenya ya 1973, ile yenye shilingi tano ya pembe tisa ya kuadhimisha miaka 10 ya uhuru, niamshe hata usiku wa manane. Lakini sarafu ya shilingi arubaini ya 2003 yenye sura ya Kibaki, hata hapa mtaani nitakuokotea.

Kuna moja inayoninyima usingizi, na ndiyo nataka uiangalie. Ulitaja ya Uingereza ya 1983. Tafuta sarafu ya peni mbili, soma maandishi yaliyo juu ya manyoya yaliyochorwa upande wake mmoja. Tangu 1982 inatakiwa iwe "Two Pence". Sasa, baadhi ya zile za seti za 1983 zilipigwa kwa muhuri wa zamani, zikatoka na "New Pence". Hiyo wakusanyaji huigombania kwa mamia ya pauni. Tarehe lazima iwe 1983, Kip, usinitumie ya 1979 ukishangilia, maana hadi 1981 zote ziliandikwa hivyo. Na usikate plastiki! Isomee humo humo ndani. Seti ikishafunguliwa, mnunuzi hana tena uhakika kama sarafu imetoka humo au imepachikwa.

Kama kuna zilizohamishiwa mifuko laini ya dukani, angalia utando wa kijani unaonata. Plastiki ile ndiyo huzila. Na mama Chebet asizisogelee na jivu, namjua, atazisugua kama sufuria za harusi.

Turudi kwa chama. Wewe ndiwe mweka hazina, sawa, lakini akina mama Achieng' wanazingoja hizo pesa Januari, na karo haingoji mkusanyaji wa London aamke. Kisumu hii yote simjui mtu atakayeninunulia seti hata moja kwa hiyo bei uliyotajiwa. Nakuru unamjua? Mzee akikuuzia ile moja ya 1983, nunua kwa pesa yako, mimi nachangia nusu. Hizo nyingine mwachie. Akisema ni zote au hakuna... hapo sijui, tuongee.

Umeshatoa arbuni? Niambie ukweli, sitapiga kelele. (Nitapiga kidogo.) Hiyo bei aliitaja mzee mwenyewe au Wafula? Na Wafula anapata ngapi hapo katikati, mbona amenyamaza ghafla? Seti za Kenya zipo, au ni za ng'ambo tu? Watoto wa mzee wanajua anauza? Na ile betri yangu ya pikipiki utairudisha lini?

Nitumie picha ya hiyo peni mbili leo, pande zote mbili, uipige nje mchana ili tarehe isomeke.

Wako,
Ouma