Kuhusu wosia wako na simu yako

Lubumbashi

Ndugu yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Nimefurahi kusikia kwamba wosia wako umekwisha kuandikwa, pamoja na kiwanja cha Kampemba na nyumba ya kupangisha. Hata hivyo simu yako hukuitaja, nami siwezi kunyamaza baada ya yaliyotupata kaka yangu alipofariki.

Unakumbuka kwamba yeye ndiye aliyetunza fedha za likelemba, yaani mchango wa kupeana kwa zamu, ya akina mama wa sokoni. Siku ya tatu ya matanga simu yake ilikuwa juu ya kabati, ikilia kila ujumbe ulipoingia, na hapana aliyejua namba ya siri. Akina mama wale waliketi mkekani pamoja nasi wakimlilia kwa dhati, huku fedha zao zimefungiwa humo, na orodha ya waliochanga pia imo humo. Mpwa wetu alibahatisha namba mpaka akaunti ikafungwa. Tulizunguka miezi mingi tukiwa na cheti cha kifo mkononi, na kilichoniuma zaidi ni kuona watu wakianza kumshuku marehemu, mtu ambaye hakuwahi kula hata franka moja ya mwenzake.

Kwa hiyo nakusihi uongeze ukurasa mmoja. Taja kila laini na akaunti yake ya fedha, barua pepe zako na ukurasa wa duka, na ubainishe zipi ni fedha zako na zipi ni amana za watu, kwa kuwa Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inawapa watoto robo tatu ya mirathi, na amana haipaswi kuhesabiwa humo. Uandike wote kwa mkono wako, utie tarehe na sahihi. Namba za siri usiziweke katika wosia, kwani utasomwa mbele ya ukoo mzima. Zikae katika bahasha iliyofungwa.

Picha za watoto nazo zina njia yake: Google inakuruhusu kuchagua hadi watu 10 watakaozipokea akaunti yako ikikaa bila kutumika kwa muda utakaoupanga, kuanzia miezi 3 hadi 18. WhatsApp usiitegemee, maana akaunti isiyotumika siku 120 hufutwa.

Jumapili baada ya misa nitapita kwako nikiwa na bahasha. Tafadhali shemeji awepo, kwa sababu ndiye atakayeitunza.

Ndugu yako