Tairi za tuktuk: namba 4.00-8 pekee haitoshi

Tairi ya tuktuk na tairi ya wilibaro zote huandikwa 4.00-8. Ukizisimamisha pamoja mlangoni mwa duka zinalingana kimo, na ile ya wilibaro ni nafuu. Basi mwenye tuktuk hushawishika, hulipa, fundi huifunga bila taabu, na siku za mwanzo haileti neno. Taabu huanza jua likishapanda: abiria watatu nyuma, safari ya Gede kwenye lami ya moto, na ubavu wa tairi iliyoundwa kusukumwa na mtu kwa miguu unaanza kutoa uvimbe.

Ile 4.00 ni upana kwa inchi, na 8 ni kipenyo cha rimu, pia kwa inchi. Inakwambia kama tairi itakaa kwenye rimu, basi. Itabeba kilo ngapi na itastahimili kasi gani ni maandishi mengine, madogo zaidi, na hayo ndiyo ya kusoma kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Hesabu ya uzito

Tafuta kwanza herufi PR. 4PR, 6PR na 8PR ni madaraja ya nguvu ya tairi. Zamani ilikuwa idadi ya matabaka ya nyuzi. Siku hizi matabaka yaweza kuwa machache lakini daraja lina maana ileile. Karibu na hapo huwa pana namba na herufi zilizoshikana, kwa mfano 55J. Namba ni uzito ambao tairi moja inaruhusiwa kubeba: 55 ni kilo 218, 66 ni kilo 300, 71 ni kilo 345, 76 ni kilo 400. Herufi ni kasi ya juu kabisa: E ni kilomita 70 kwa saa, F ni 80, J ni 100.

Sasa piga hesabu. Tuktuk ya abiria ikiwa tupu ina kilo 350 hivi. Dereva na abiria watatu, kila mmoja kilo 70, ni kilo 280. Jumla 630. Injini iko nyuma na abiria wako nyuma, kwa hiyo theluthi mbili ya uzito huo, kilo 420, huangukia magurudumu mawili ya nyuma. Kila tairi inabeba 210. Tairi ya 55 mwisho wake ni 218. Umebakiwa na kilo nane kila upande, na bado hujapakia gunia la makaa wala yule abiria wa nne anayebanwa katikati ya wenzake jioni, nasi tunajua hubanwa.

Ndiyo maana kwa kazi ya abiria mjini Malindi tunashauri 6PR yenye namba 66 au zaidi, hata kama herufi yake ya kasi ni E. Tuktuk iliyojaa haina haja ya tairi ya kilomita 100 kwa saa. Ina haja ya tairi ya kubeba. Tairi za wilibaro aghalabu hazina namba ya uzito wala herufi ya kasi, au zimeandikwa kabisa kwamba si za barabara kuu. Usipoona maandishi hayo, rudisha tairi ilipotoka.

Mtego mwingine ni 3.50-8, ambayo huingia kwenye rimu hiyohiyo ya inchi 8. Ni nyembamba na fupi: tuktuk inashuka karibu sentimita moja na nusu au zaidi, inabeba kidogo, na sehemu za chini zinaanza kugonga mawe kwenye vichochoro vya Muyeye na Maweni. Na ukiifunga nyuma upande mmoja tu, unaharibu kitu cha bei kubwa kuliko tairi, tutakieleza hapo chini.

Tarehe ya kutengenezwa nayo imo ubavuni: namba nne ndani ya duara la yai, mwishoni mwa herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata ukiwa dukani, na hukauka upesi zaidi ukianikwa juani mlangoni. Kunja ubavu kwa vidole uangalie ndani ya mifereji. Ukiona nyufa nyembamba kama za ngozi iliyokauka, tairi hiyo ni nzee, ijapokuwa haijakanyaga barabara. Sisi hatufungi tairi iliyopita miaka mitano tangu kutengenezwa.

Mbele na nyuma

Mbele ni gurudumu moja tu, na ndilo linaloelekeza chombo. Likipasuka, hakuna la pili la kukushika. Kwa hiyo tairi yenye kiraka, yenye uvimbe au iliyokatwa ubavuni na matumbawe haiendi mbele hata kwa siku moja ya kusubiri mshahara. Tairi ya mbele yenye mistari mirefu ya kuzunguka hushika njia vizuri kwenye lami, na ya nyuma yenye meno ya mraba husukuma vizuri kwenye mchanga. Lakini wengi wanaofanya kazi mchanganyiko, lami ya mjini leo na mchanga wa Mambrui kesho, hufunga aina moja kote tatu na spea, ili spea iingie popote. Tunaona ni busara. Ikiwa ubavuni pana mshale, uelekee upande wa mwendo wa mbele.

Nyuma, nunua mbili kwa pamoja. Magurudumu ya nyuma yameunganishwa na difu, ambayo kazi yake ni kuruhusu moja lizunguke zaidi ya jingine unapokata kona. Ukifunga mpya upande mmoja na kipara upande wa pili, mzunguko wao hautoshani, na difu inafanya kazi ya kona hata kwenye barabara iliyonyooka, kutwa nzima. Giabox hupata moto, tuktuk huvuta upande mmoja, na utasingizia usukani. Ile ya zamani iliyo nzuri kati ya mbili ifanye spea.

Tairi mpya, tyubu mpya. Tyubu iliyozeeka imetanuka. Ukiirudisha ndani ya tairi mpya inajikunja, na pale ilipojikunja ndipo itakapotoboka. Angalia valvu yake iwe na umbo lile la zamani, iliyonyooka au iliyopinda, maana isiyo yake hugusa breki au huwezi kuifikia kwa pampu.

Rimu: hapa watu huumia

Rimu za tuktuk nyingi ni vipande viwili vya chuma vilivyobanwa pamoja kwa nati, tairi ikiwa katikati. Gurudumu lina nati za aina mbili: zinazolishika kwenye habu, yaani kitovu linapofungwa, na zinazoshikanisha vipande. Ukilegeza hizi za pili tairi ikiwa bado na upepo, vipande huachana kwa kishindo, na mbele yake huwa pana mikono na uso wa fundi. Toa kwanza sindano ya ndani ya valvu, subiri upepo uishe, bonyeza tairi mpaka ilegee kabisa, ndipo ushike spana. Dereva anayebadilisha spea barabarani afungue zile za habu tu.

Upepo wa bahari unakula rimu mahali pasipoonekana, pale vipande viwili vinapokutana na kuzunguka tundu la valvu. Kutu hiyo ni kama msasa: inaisugua tyubu mpaka inatoboka, na utaziba pancha hiyohiyo mara kwa mara ukidhani ni misumari. Dalili yake ni tundu lililo upande wa ndani wa tyubu, ule unaogusa rimu. Piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke. Ukiona ufa kwenye matundu ya nati, rimu hiyo haina dawa.

Kufunga kwenyewe: nyunyiza poda ndani ya tairi, ijaze tyubu upepo kidogo tu ipate umbo, itie ndani, kisha unganisha vipande huku ukihakikisha tyubu haijabanwa katikati yao. Kaza nati kwa kuvuka, moja hii na inayoikabili, si kwa kuzunguka. Jaza mpaka 15 psi, yaani kipimo cha upepo kwenye geji, toa upepo wote, kisha ujaze tena hadi kipimo. Mara ya kwanza inaikunjua tyubu, ya pili inaikalisha. Tazama mstari mwembamba ulio karibu na rimu, uwe na umbali sawa mzunguko mzima. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati za habu.

Upepo

Kipimo cha kwanza ni kile cha kibandiko au kijitabu cha tuktuk yako. Tuktuk nyingi za abiria za 4.00-8 huelea kwenye 30 psi mbele na 34 nyuma. Kijitabu kikitumia kg/cm², ni kama 2.1 na 2.4. Ukijua siku yako ni ya mizigo, nyuma panda hadi 36. Namba ya psi iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si kipimo cha kujazia kila siku. Tuktuk ya mizigo yenye tairi za 4.50-10 8PR ina vipimo vyake vikubwa zaidi. Usizihamishie namba hizi.

Kupiga tairi teke hakupimi kitu. Ubavu wa 6PR ni mgumu, na tairi yenye 20 psi inasimama kama iliyojaa. Nunua geji yako ndogo, maana za mitaani nyingi zimeshaanguka chini mara nyingi na husema zinavyotaka. Pima asubuhi kabla ya kuwasha. Ukirudi Watamu saa saba mchana utakuta geji imepanda psi nne au tano kwa sababu ya joto. Usipunguze. Ukipunguza, kesho alfajiri tairi itakuwa chini ya kipimo.

Upepo mdogo huiua tairi ndogo upesi kuliko ya gari. Tairi ya 4.00-8 huenda mita 1.3 kwa mzunguko mmoja, yaani mizunguko 770 hivi kwa kila kilomita. Kila mzunguko ubavu unakunjika na kukunjuka, na kukunjika ni joto. Ukiwa na 22 psi nyuma, unakunjika zaidi, nyuzi zinaachana na mpira kwa ndani, na petroli inaisha upesi. Dalili ya wazi ni valvu iliyolala upande: tairi inateleza juu ya rimu na kuivuta tyubu, siku mbili tatu valvu itang'oka shinani. Ukiiona hivyo, toa upepo, irudishe sawa, jaza vizuri.

Upepo mwingi nao una gharama yake. Tairi ngumu hudunda, hushika vibaya lami ikiwa na maji ya masika, na ikikanyaga jiwe la tumbawe haikunjiki, inakatika. Wapo wanaojaza 45 ili tuktuk iwe nyepesi. Ni nyepesi kweli, mpaka breki ya ghafla.

Kwa mchanga wa kule Ngomeni, madereva hupenda kupunguza upepo ili tairi itanuke. Kwa tairi zenye tyubu hatulipendekezi hilo. Abiria washuke, sukumeni, mpande tena.

Ulaji wa meno husema kisa chote. Kingo mbili zikiisha katikati pakibaki, upepo ulikuwa mdogo. Katikati pakiisha, ulikuwa mwingi. Upande mmoja ukiisha nyuma, kagua bushi za mkono wa gurudumu na beringi. Mbele ikila mabonde mabonde, mara nyingi shoki imekufa au beringi za shingo ya usukani zimelegea. Tairi mpya itaenda njia hiyohiyo usipozirekebisha kwanza. Meno yakifikia usawa wa vile vidonge vidogo vilivyo ndani ya mifereji, muda wake umekwisha.

Spea tunaijaza 36, kwa sababu upepo ni rahisi kuupunguza kuliko kuuongeza ukiwa ng'ambo ya daraja la Sabaki usiku. Ukija kwetu kupimiwa, njoo asubuhi kabla ya kuanza kazi, tairi zikiwa baridi, na spea uje nayo.