Kabla hujapiga rangi hiyo Land Rover, ng'oa waya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na sioni anayelisema. Tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha watu wamepata hamu ya kufufua magari ya zamani, na hamu hiyo mi naipenda sana. Pita Unga Limited siku yoyote, au shuka Majengo kule Moshi, utakuta Land Rover 109 (zile ndefu) za wazee zimetolewa kwenye migomba zilikokuwa zimelala, bodi inanyooshwa, chasisi inapigwa brashi ya waya, viti vinashonwa upya. Safi kabisa. Lakini angalia hela inakoenda. Rangi, tairi, rimu, bampa la kuvutia, taa kubwa za kupanga juu ya keria, halafu waya za ndani ni zilezile alizoziacha mzee, tepu nyeusi juu ya tepu nyeusi, na mtu anakwambia gari limekamilika. Halijakamilika hilo. Gari la zamani ambalo halijabadilishwa waya mimi nalihesabu bado halijaanza kutengenezwa.

Waya nazo zinazeeka jamani. Land Rover za miaka ya hamsini zilikuwa na waya zenye ganda la mpira lililovishwa uzi wa pamba kwa juu, plastiki ilikuja baadaye. Mpira ule ukikaa na joto la injini, oili na hili vumbi letu miaka hamsini sitini unakauka, ukiukunja kidogo tu unapasuka na vipande vinadondoka chini, shaba inabaki uchi. Plastiki nayo inakakamaa. Unaweza kukuta kwa nje waya unaonekana mzima kabisa, ila ukimenya pale mwisho shaba yake imeshakuwa nyeusi au ina ukungu wa kijani, na hapo hata risasi ya kulehemu haishiki tena.

Kuna jamaa wa mtaani kwetu alikuwa na Land Rover 2A, yaani Series IIA, ya petroli ya marehemu baba yake, ameitengeneza mpaka inang'aa, gereji moja ikamhakikishia waya ziko poa, akawa anaenda Karatu na familia, kupita Makuyuni kidogo akaanza kusikia harufu ya mpira unaungua, kabla hajapata spana ya kufungulia temino ya betri moshi umeshajaa chini ya dashibodi. Wote walishuka salama, Mungu ni mkubwa, ila gari likabaki chasisi. Lilipovutwa kurudishwa nilienda kuliangalia. Ule waya mnene wa kahawia unaotoka upande wa betri ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva, na lile tundu halikuwa na raba. Ukingo wa bati umekula ganda la waya taratibu, kila tuta na kila rasta, mpaka shaba ikagusa chuma. Raba ya tundu ni kitu cha hela ndogo mno, unaibana kwa vidole.

Na waya huo hauna fyuzi, hapa ndipo wengi hawajui. Series IIA ilitoka kiwandani na fyuzi mbili tu kwa gari zima, zile za kioo za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, na taa kubwa hazikupita kwenye fyuzi yoyote. Kwa hiyo ukipata shoti kwenye waya wa kahawia hakuna kitu cha kuikata, betri inamwaga mamia ya ampea mpaka waya uwe mwekundu na uwashe wenzake wote uliofungwa nao kwenye tepu moja. Hata hizo fyuzi mbili zenyewe tunazinyanyasa. Fyuzi ya Lucas ya 35 maana yake inakatika kwenye ampea 35, ila mzigo wa kubeba muda wote ni ampea 17, sasa mtu anaibebesha redio, chaji ya simu, friji ndogo ya safari, inakatika, anaweka ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara na safari inaendelea. Nimeona hii kwa macho yangu kwenye magari yanayobeba watu.

Ukibadilisha waya usirudishe fyuzi mbili. Funga boksi la fyuzi za plastiki za kisasa, kila kitu na fyuzi yake, taa ya kulia yake na ya kushoto yake ili moja ikikata usiku usibaki gizani, halafu weka fyuzi moja kubwa karibu kabisa na betri, na swichi ya kukata betri ambayo unaifikia bila kutafuta spana. Najua wapo wanaotaka gari liwe orijino mpaka skrubu, nawaheshimu, boksi hilo unaweza kulificha na kile kiboksi cha zamani ukakiacha mahali pake kwa macho. Taa kubwa nazo uzifungie rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Balbu za kawaida za wati 60 zikiwa mbili zinakula ampea 10, sasa vijana wanafunga za wati 100, hapo ni karibu ampea 17 na zote zinapita kwenye swichi ya dashibodi yenye umri wa baba yako. Ukifunga rilei, ule waya wa zamani wa swichi unaenda temino ya rilei yenye namba 86 kuiamsha tu, 85 unaenda erthi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chasisi, umeme mzito unatoka betri kupitia fyuzi unaingia 30 na kutokea 87 kwenda kwenye taa. Swichi inapumua na taa zinapata umeme kamili, utaona tofauti ukiwa barabara ya Mto wa Mbu usiku ng'ombe wamelala kwenye lami.

Sasa erthi. Hili nitalikalia kidogo maana ndilo linalosumbua zaidi magari yaliyotoka kupigwa rangi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, Waingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao ndio wakaamua hivyo, na chasisi yake ni chuma. Aluminiamu na chuma zikigusana penye unyevu zinakulana, unakuta unga mweupe kwenye maungio. Taa ya nyuma inategemea umeme urudi betri kupitia hapohapo kwenye unga, kwenye kutu, na sasa umeongeza na rangi mpya tabaka tatu! Ndio maana unasikia mtu analalamika kwamba kabla ya kutengeneza taa zilikuwa zinawaka vizuri na baada ya kutengeneza zimefifia, au akiwasha indiketa na taa ya breki nayo inapepesa. Fundi anabadilisha balbu, anabadilisha fleshari, anabadilisha swichi, hela ya mtu inaisha, kumbe hakuna kilichokufa, umeme umekosa njia ya kurudi.

Dawa yake ni rahisi na haina ubishi. Kila taa ipewe waya wake mweusi wa erthi, zikusanywe sehemu moja mbele na moja nyuma, pale zinapofungwa chasisi isuguliwe mpaka chuma cheupe kionekane, boliti iwe na washa yenye meno, ukishakaza ndio upake grisi juu. Injini na gia boksi viwe na kamba yao nene ya erthi kwenda chasisi maana vimekaa juu ya raba, kamba hiyo ikikosekana stata inatafuta njia nyingine na mara nyingi njia hiyo ni kebo ya choki. Kisha chukua mita, washa taa, mdomo mmoja wa mita gusa temino ya betri inayoenda chasisi na mwingine gusa kikombe cha taa. Ikisoma zaidi ya volti 0.2 rudi kasugue tena. Mita siku hizi kila duka la umeme linauza, fundi wa umeme wa gari asiye na mita sijui anafanyaje kazi.

Kingine kinachoua haya magari ni chanya na hasi. Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 hivi zilitoka kiwandani chanya ndiyo iko kwenye chasisi. Kijana aliyezoea Noah na IST anafungua boneti anaona hivyo, anajua aliyefunga alikosea, anageuza betri, gari linawaka vizuri tu, anaona amesaidia. Dainamo, ile mashine ya zamani ya kuchaji betri, bado inachaji kwa upande wa zamani, vile vikontakti vya ndani ya regyuleta inayodhibiti chaji vinaweza kugandana na kuungua, na amita inasoma kinyumenyume. Kugeuza kunaruhusiwa, na mimi nakushauri ugeuze maana redio na vifaa vyote vya leo vinataka hasi kwenye bodi, ila fanya kazi yote: badilisha vichwa vya kebo za betri kwa sababu nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi, geuza waya za amita na za koili, halafu kabla hujawasha injini chomoa waya kwenye temino iliyoandikwa F ya dainamo na uiguse hiyo F kwa waya wenye moto wa betri mara mojambili, chap tu, ili sumaku ya ndani igeuke. Kama una alteneta, ile ya kisasa inayochaji badala ya dainamo, hilo la F halikuhusu, yenyewe ukiigeuzia betri inakufa palepale.

Halafu rangi za waya wapendwa mafundi wangu nawaomba sana. Waingereza walipanga rangi kwa akili, kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni ule unaopita kwenye swichi ya ufunguo, kijani umeshapita swichi na fyuzi, zambarau una fyuzi ila uko hai muda wote, nyekundu ni taa ndogo, bluu taa kubwa, bluu yenye mstari mweupe ni full na yenye mstari mwekundu ni dimu, kijani chenye mstari mwekundu indiketa ya kushoto na chenye mweupe ya kulia, nyeusi erthi. Ukijua hizo unasoma gari lolote la Lucas, iwe Land Rover, Morris au Austin. Lakini sisi tunanunua roli moja la waya mwekundu kwa sababu limeshuka bei na tunafunga gari zima jekundu, aliyefunga anakumbuka wiki moja, mwezi ujao gari limezima Loliondo saa mbili usiku na fundi wa kule anaanza kukatakata waya mmoja mmoja kutafuta. Kama hupati rangi zote funga vipande vya rangi kwenye ncha zote mbili na uandike kwenye daftari la gari, hiyo haina gharama.

Na waya wenyewe uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ule wa nyumba wenye mkuki mmoja mgumu ndani unakatika kwa mtikisiko, barabara zetu mnazijua. Kwaruza na kisu kabla hujalipa, ukiona chini ya wekundu wa shaba kuna weupe ujue hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie mwenye duka. Ncha ibanwe kwa plaizi yake maalumu mpaka ukivuta isitoke. Ule mtindo wa kusokota na kuvingirisha tepu ndio uliotufikisha hapa.

Wakati wa kung'oa usiwe na haraka. Piga picha za simu kila kona, bandika karatasi yenye jina kwenye kila ncha kabla hujachomoa, toa mkeka wote wa waya mzima mzima, uulaze kwenye ubao, pigilia misumari kufuata matawi yake, na mpya uusuke juu ya ubao huohuo. Ukimaliza kuufunga kwenye gari usichomeke betri moja kwa moja. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, ipitishe katikati ya betri na kebo, kila kitu kikiwa kimezimwa. Ikiwaka kwa nguvu kuna shoti mahali, itafute, na hujaunguza hata waya mmoja. Sijaona kipimo rahisi kinachookoa pesa kama hiki.

Wenye dizeli nanyi mna yenu, hasa huku Kibosho na Marangu Julai asubuhi baridi inapouma. Zile hita plagi nne za injini ya zamani ya lita 2.25, zinazoipasha moto kabla ya kuwasha, zimefungwa mfululizo, kila moja inakula kama volti 1.7, moja ikikata zote zimelala. Fundi anachomeka moja mpya ya volti 12 kati ya tatu za zamani, zile tatu za zamani hazipati moto, mwisho gari linasukumwa kila siku na stata inalaumiwa bure. Aidha nunua nne za aina ile ile, au badilisha zote kuwa za volti 12, ondoa rezista, na uzifunge kila moja na njia yake kwa waya mnene na rilei.

Ombi langu kwa vyuo vinavyofundisha umeme wa magari huku kwetu, VETA na vinginevyo, chukueni hata Land Rover moja kuukuu muifunge karakana, vijana waisuke waya mwanzo mwisho. Wazee waliokuwa wanayajua haya magari wanaondoka na kazi ipo nyingi. Na kwa wasomaji, kama kuna mwenye kitabu cha gereji cha Series II au IIA chenye mchoro wa waya unaosomeka, awe Arusha au Moshi, awaruhusu mafundi wa jirani yake wapige kopi ukurasa ule, hasa wa dizeli ya kabla ya 1967, maana kopi zinazozunguka gereji za huku zimefifia mpaka namba za temino hazionekani.

Ndimi,
Mpenzi wa Land Rover za zamani,
Sakina, Arusha